Maswali ya Wasomaji: Kutambua Aina ya Faba Iliyo Bora kwa Mavuno na kwa Lishe

Faba, ambayo baadhi ya wasomaji huiita maharage mapana, ni zao la mikunde linalopenda ubaridi. China ndiyo inayoongoza duniani kwa uzalishaji wake, ikifuatwa na Ethiopia. Barua zilizotufikia kuhusu zao hili zinauliza, kila moja kwa namna yake, jinsi ya kuamua aina ipi ya mbegu inafaa kupewa wakulima. Tunajibu tano kati ya hizo, na barua mbili za mwanzo tumezipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu zinagusa makosa ambayo yamepoteza thamani ya majaribio mengi.

Ndugu Mhariri, mimi ni bwana shamba. Msimu uliopita kikundi cha wakulima ninachokihudumia kilipanda aina sita za faba, kila moja katika kipande chake. Tulipopima mavuno, aina moja iliziacha nyingine mbali. Wakulima wanataka niwathibitishie kwamba waipande hiyo tu. Je, nifanye hivyo?

Ndugu bwana shamba, umeshika mizani badala ya kukisia kwa macho, na hilo peke yake linastahili shukrani za wakulima wako. Hata hivyo tunakusihi usiwape uthibitisho huo bado. Kipande kimoja kwa kila aina hakiwezi kutenganisha nguvu ya mbegu na nguvu ya ardhi. Shamba linaloonekana sawasawa huwa na sehemu iliyowahi kuwa zizi, sehemu ambayo maji hutuama baada ya mvua kubwa, na ukingo unaopata kivuli cha miti. Na kwa kuwa mizizi ya faba huumia upesi ikikaa ndani ya maji, aina iliyoangukia bondeni inaweza kuonekana dhaifu hata kama ingekuwa bora kuliko zote mahali pakavu kidogo.

Njia ya kulikabili tatizo hili imejulikana tangu miaka ya 1920, wakati mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza, naye akasisitiza mambo mawili ambayo hadi leo hakuna jaribio la shambani linaloweza kuyakwepa: kurudia kila aina zaidi ya mara moja, na kuzipangia nafasi kwa kura. Ligawe shamba lako katika bloku nne, kila bloku ikikatiza mteremko ili ardhi iliyo ndani yake ilingane kadiri inavyowezekana, kisha weka aina zote sita katika kila bloku, ukipiga kura upya kwa kila moja. Utakuwa na vitalu 24. Hakikisha miongoni mwa aina hizo sita imo ile ambayo wakulima wanaipanda sasa, kwa kuwa bila aina ya kulinganishia huwezi kumwambia mkulima kwamba atafaidika akibadilisha.

Upandaji wenyewe una mtego wake. Punje za faba hutofautiana mno kwa ukubwa: kuna aina ambazo punje 1,000 huwa na uzito usiofika gramu 500, na nyingine ambazo idadi hiyo hiyo huvuka kilo moja na nusu. Ukigawa mbegu kwa kilo, aina yenye punje ndogo itapata mimea mingi zaidi, na utakuwa umelinganisha msongamano wa mimea badala ya mbegu. Fanya kwanza jaribio la uotaji, kisha pima mbegu kwa idadi ya punje zinazoota. Nafasi ya sentimita 40 kati ya mistari na sentimita 10 kati ya mimea, ambayo hutumika sana katika nyanda za juu za Ethiopia, hukupa mimea 25 kwa kila mita ya mraba. Wakati wa kuvuna, iache kando mistari ya pembeni ya kila kitalu, kwa sababu mmea wa ukingoni hupata mwanga na nafasi ambayo mwenzake wa katikati haupati.

Kuna kosa moja la mizani ambalo tungependa kila anayefanya majaribio alitazame kwa makini, nalo ni unyevu. Tuseme kitalu cha aina ya kwanza kimetoa kilo 4.0 za punje zenye unyevu wa asilimia 18, na kitalu cha aina ya pili kimetoa kilo 3.9 zenye unyevu wa asilimia 12. Kwa macho ya mizani, ya kwanza imeshinda. Lakini ukizileta zote kwenye unyevu wa asilimia 14, ya kwanza inashuka hadi kilo 3.81, na ya pili inapanda hadi kilo 3.99. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ya maji. Aina zinazochelewa kukomaa hupendelewa isivyo haki kwa njia hii kila zinapovunwa siku moja na zile za mapema, kwa hiyo pima unyevu wa kila kitalu na urekebishe uzito kabla ya kuandika namba yoyote kwenye daftari la mwisho.

Katika muda wa ukuaji, andika tarehe ya maua, tarehe ya kukomaa, idadi ya mimea iliyosimama hadi mavuno, na kiwango cha magonjwa kwa kipimo cha 1 hadi 9, ukivikagua vitalu vyote siku hiyo hiyo. Ugonjwa wa madoa ya chokoleti, unaosababishwa na kuvu aitwaye Botrytis fabae, hushamiri palipo na ubaridi na unyevunyevu, ilhali ugonjwa wa kutu hupenda joto la mwisho wa msimu. Aina iliyoshinda mwaka ambao ugonjwa haukutokea haijajaribiwa dhidi ya ugonjwa huo. Ethiopia ni mfano wa kukumbukwa: tangu miaka ya mwanzo ya 2010 wakulima wake wamekabiliwa na ugonjwa wa vivimbe vya majani ambao haukuwamo katika hesabu za waliochagua mbegu za zamani. Kule Misri, ambako kupekupe wa Orobanche, mmea wa kimelea, hufyonza mizizi ya faba, aina kama Giza 843 ilithaminiwa kwa kumvumilia mmea huo, sifa ambayo isingeonekana hata kidogo katika shamba lisilo naye.

Rudia jaribio kwa misimu isiyopungua miwili na katika mashamba kadhaa yaliyotofautiana kwa mwinuko au kwa mvua. Miongoni mwa mikunde, faba imejulikana kwa mavuno yanayopanda na kushuka kutoka mwaka hadi mwaka. Sehemu kubwa ya maua yake huanguka bila kufanya maganda, na joto kali au ukame katika majuma ya maua huongeza anguko hilo. Kwa sababu hiyo, mshindi wa mahali pamoja anaweza kuwa wa mwisho kwingine, na wastani wa jumla ukalificha jambo hilo. Waonyeshe wakulima mpangilio wa aina kwa kila shamba na kila msimu. Aina inayoshika nafasi ya pili au ya tatu kila mahali mara nyingi ndiyo itakayomfaa mkulima asiye na akiba ya kuvumilia mwaka mbaya.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha kilimo. Katika data za jaribio langu, aina zenye mavuno makubwa zina asilimia ndogo ya protini. Nimeshauriwa nichague upande mmoja, mavuno au lishe, ili tasnifu yangu isichanganye mambo. Nifuate ushauri huo?

Kwa maoni yetu hapana, na tunalisema hili kwa uzito. Mavuno na lishe vinapopimwa katika majaribio mawili tofauti, na watu wawili wasiozungumza, mkulima huishia kupewa mbegu iliyosifiwa kwa nusu ya ukweli. Thamani ya kazi yako ni kwamba umevipima vyote viwili katika vitalu vile vile.

Anza kwa kuuliza uhusiano huo unaouona umetoka wapi. Asilimia ya protini ni uwiano, na uwiano hubadilika hata pale kiasi cha protini kisipobadilika. Punje ikijazwa wanga mwingi, protini iliyomo huonekana kupungua kwa asilimia. Kinyume chake, ukame ukikatiza ujazaji wa punje, mbegu hutoka nyembamba na zilizokunjamana, na asilimia ya protini hupanda ilhali mkulima hakupata kitu. Kwa hiyo linganisha pia uzito wa punje 1,000: kama protini kubwa iko kwenye punje zilizosinyaa, unaona dalili ya njaa ya mmea, wala si ubora wa mbegu. Kumbuka vilevile kwamba faba hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa Rhizobium waliomo ndani ya vinundu vya mizizi, kwa hiyo mvutano kati ya mavuno na protini ndani yake hauna sababu ya kuwa mkali kama unavyokuwa katika ngano. Chimbua mimea michache wakati wa maua na upasue vinundu. Vyenye rangi nyekundu ndani vinafanya kazi, na vilivyo vyeupe au vya kijani vinaweza kukueleza kwa nini protini ya kitalu fulani iko chini.

Kisha kokotoa mavuno ya protini kwa hekta. Aina itoayo kilo 3,000 zenye protini ya asilimia 29 hutoa kilo 870 za protini, ilhali aina itoayo kilo 2,500 zenye asilimia 32 hutoa kilo 800. Anayeuza kwa uzito, au anayelima ili kulisha mifugo, ataichagua ya kwanza bila kusita. Lakini mlaji hali hekta, anakula sahani, na kwa mtoto anayeshiba kwa kiasi kidogo cha chakula ile asilimia 32 ina maana yake. Ziweke namba zote mbili mbele ya msomaji wa tasnifu, na useme wazi unamshauri nani.

Kuhusu maabara, kuna mambo matatu ambayo lazima uyaulize. La kwanza ni kizidisho. Njia ya Kjeldahl, iliyotangazwa mwaka 1883, hupima naitrojeni tu, na protini hupatikana kwa kuzidisha. Naitrojeni ya asilimia 4.64 huwa protini ya asilimia 29 ukizidisha kwa 6.25 iliyozoeleka, na huwa takribani asilimia 25 ukitumia 5.4, ambayo watafiti wengi wa mikunde huiona iko karibu zaidi na hali halisi. Hakuna ubaya kutumia yoyote, mradi uitaje na usilinganishe matokeo yako na ya mtu aliyetumia nyingine. La pili ni sampuli. Wengi, ili kupunguza gharama, huchanganya punje za marudio yote ya aina moja na kupeleka mfuko mmoja maabara. Hapo faida yote ya bloku hupotea, kwa kuwa huwezi tena kujua kama tofauti ya protini kati ya aina mbili ni kubwa kuliko tofauti kati ya vitalu viwili vya aina moja. Kama fedha ni chache, ni afadhali upime protini peke yake katika kila kitalu kuliko kupima virutubisho kumi katika mchanganyiko mmoja. La tatu ni uchafu. Vumbi la udongo na visu vya mashine ya kusagia huongeza madini ya chuma kwenye sampuli, na zimekuwapo aina zilizosifiwa kwa chuma ambacho kwa kweli kilikuwa udongo. Osha punje kwa maji safi yasiyo na madini, na uiombe maabara ipime aluminiamu pia. Ikiwa juu, chuma ulichopimiwa hakiaminiki.

Zaidi ya kiasi cha protini, tazama ilivyoundwa. Kati ya asidi za amino, yaani vijenzi vya protini, faba ina laisini ya kutosha lakini ina upungufu wa methionini na sisteini, ndiyo maana hukamilishana vizuri na nafaka, ambazo upungufu wake ni wa laisini. Asidi ya faitiki iliyomo ndani ya punje hushika chuma na zinki na kuvizuia visifyonzwe na mwili, kwa hiyo aina yenye zinki nyingi na faitiki nyingi inaweza kumpa mlaji kidogo kuliko inavyotangaza. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha hupunguza faitiki. Na usiusahau muda wa kuiva. Mbegu inayohitaji kuni nyingi haitapikwa, na virutubisho visivyoliwa havina faida kwa yeyote, kwa hiyo tungependa kuona safu ya muda wa kuiva katika kila jedwali la tathmini ya faba.

Mpendwa Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu. Nimesikia kwamba faba inaweza kuharibu damu ya mtu. Kama ni kweli, kwa nini wataalamu wa mbegu huzungumzia protini tu?

Mama, uliyosikia ni kweli kwa baadhi ya watu, na malalamiko yako yana haki. Faba ina viambato viwili, visini na konvisini, ambavyo vikivunjwa tumboni hutoa kemikali zinazoshambulia chembe nyekundu za damu. Mtu mwenye kutosha kimeng'enya cha G6PD, kinachozilinda chembe hizo, hazimdhuru. Mwenye upungufu wake, ambao hurithiwa na umeenea zaidi katika maeneo yenye historia ya malaria, anaweza kupata ugonjwa uitwao favizimu: ndani ya siku moja au mbili baada ya kula huwa mchovu sana, macho na ngozi huwa manjano, na mkojo hugeuka kuwa mweusi kama chai ya rangi. Watoto wadogo, hasa wa kiume, ndio walio hatarini zaidi, na faba mbichi ni ya hatari kuliko iliyokauka. Ukiona dalili hizo, mpeleke mtoto hospitali mara moja na useme kwamba alikula faba. Upungufu huu hutambuliwa kwa kipimo cha damu, na mwenye nao asile faba, hata iliyopikwa, kwa kuwa kuloweka na kupika hupunguza viambato hivyo bila kuviondoa kabisa.

Njia ya kudumu iko kwenye mbegu yenyewe. Mwaka 1989 watafiti wa Ufaransa waliripoti kupatikana kwa jeni inayopunguza viambato hivyo mara kumi hadi ishirini, na mwaka 2021 ikatangazwa jeni ya VC1 inayohusika na utengenezaji wake. Kwa hiyo leo inawezekana kabisa kuzalisha aina zenye mavuno mazuri na visini kidogo sana. Tunaamini kwamba popote ambapo upungufu wa G6PD ni wa kawaida, tathmini isiyopima visini haijakamilika, hata ikiwa na namba nzuri kiasi gani za protini.

Nilinunua mbegu ya faba yenye maua meupe, nikaambiwa haina tanini, yaani kemikali inayoleta ukakasi. Baada ya misimu michache ya kujiwekea mbegu mwenyewe, mimea mingi ina maua yenye doa jeusi. Je, muuzaji alinidanganya?

Huenda hakukudanganya. Maua meupe yasiyo na doa huambatana na ukosefu wa tanini kwenye ganda la punje, lakini sifa hiyo hufunikwa pindi mmea unapochavushwa na mwenzake wa kawaida. Faba hujichavusha kwa sehemu tu. Nyuki hubeba chavua kutoka shamba hadi shamba, na theluthi moja ya punje au zaidi zinaweza kuwa zimetokana na mimea mingine. Usiwafukuze nyuki, kwa kuwa wanaongeza mavuno yako. Tenga kipande cha mbegu mbali na faba nyingine, kagua machipukizi ya maua mapema, na ung'oe mmea wowote wenye rangi kabla haujafunguka. Kwa sababu hiyo hiyo, anayefanya majaribio asichukue mbegu ya msimu unaofuata kutoka kwenye vitalu, ambako aina zote zimesimama bega kwa bega, la sivyo mwaka wa pili atakuwa anapima machotara.

Kwa aina zenye visini kidogo tahadhari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu mchanganyiko wake hauonekani kwenye ua. Kovu jeupe la punje, mahali iliposhikana na ganda, limetumika kama kidokezo, lakini uhusiano wake na visini huweza kukatika. Uthibitisho ni wa maabara. Tukuongezee jambo moja: mbegu zisizo na tanini hushambuliwa kwa urahisi na kuvu wa udongoni, kwa hiyo zipande kwenye udongo usiotuamisha maji na utarajie uotaji wa chini kidogo.

Je, faba yenye punje kubwa ina lishe zaidi kuliko yenye punje ndogo?

La, ukubwa haukuelezi kiasi cha protini. Unachoweza kukueleza ni uwiano wa ganda na kiini: ganda huchukua takribani asilimia 12 hadi 15 ya uzito wa punje, na kwa kawaida sehemu hiyo ni ndogo zaidi kwenye punje kubwa, jambo linalomaanisha nyuzinyuzi na tanini kidogo kwa kila kilo inayopikwa pamoja na maganda yake. Ukitaka kulinganisha aina mbili, loweka punje 20 za kila moja usiku kucha, zimenye, kausha maganda na viini kando hadi uzito wake usipungue tena, kisha upime kila fungu kwa mizani ya gramu.